Laptop imelala ikakataa kuamka: usikimbilie kufomati

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, nina laptop ya mtumba yenye kadi ya Nvidia, nimeweka Ubuntu (mfumo wa Linux). Nikiifunika nikifungua tena skrini ni nyeusi tii, feni inazunguka tu, mpaka nishikilie kitufe cha pawa izime. Jana nimepoteza maksi za darasa zima. Nifomati?

Jibu: Pole sana mwalimu, maksi za darasa zima si mchezo. Usifomati bado. Hapa Kisumu naletewa laptop za aina hiyo sana, na mara nyingi mashine yenyewe inakuwa imeamka, ni kadi ya picha ndio haijarudi sawa.

Ikiwa nyeusi hivyo, bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa chake kidogo, kikiwaka na kuzima unavyobonyeza basi mashine iko hai, sasa jaribu Ctrl+Alt+F3, ukipata skrini ya maandishi ingia na paswadi yako uandike sudo reboot. Kazi ambayo hukuwa umeseivu itapotea tu, lakini angalau diski haijakatwa katikati ya kuandika.

Ikiwaka, andika journalctl -b -1 -e, hayo ni maandishi ya mwisho ya ile safari iliyokwama. Tafuta PM: suspend entry, ndio mstari wa laptop ikianza kulala, na ukiona NVRM (ujumbe wa draiva ya Nvidia) karibu na hapo, shida ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi. Pia piga lspci -k uone kadi inatumia draiva gani, ikiwa ni nouveau (draiva ya bure isiyotoka kwa Nvidia) weka ya Nvidia kwanza na sudo ubuntu-drivers install.

Sasa kiini chenyewe. Kadi ina memori yake, na laptop ikilala usingizi mzito hiyo memori inakatiwa stima, draiva nayo usipoiambia inahifadhi sehemu tu ya vilivyokuwemo. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/nvidia-lala.conf, ndani uweke mstari huu mmoja:

options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1 NVreg_TemporaryFilePath=/var/tmp

Kisha:

sudo systemctl enable nvidia-suspend nvidia-resume nvidia-hibernate
sudo update-initramfs -u

Halafu uwashe upya. Hiyo /var/tmp usiiruke, ndiko memori ya kadi inawekwa laptop ikilala, kwa hivyo angalia na df -h kama diski ina nafasi, ikijaa utarudi pale pale.

Ikikataa bado, cat /sys/power/mem_sleep. Neno lililo kwenye mabano ndilo linatumika. Ikiwa ni deep (ule usingizi mzito) na s2idle (usingizi mwepesi) pia ipo, jaribu echo s2idle | sudo tee /sys/power/mem_sleep, itakaa hivyo mpaka uwashe upya, ila betri itaisha haraka kidogo ikilala.

Ukimaliza ilaze na systemctl suspend mara tatu nne hivi, ukiwa umefungua faili lisilo na maana, maksi ziwe kwa flashi. Na mpaka ikubali, weka HandleLidSwitch=ignore kwa /etc/systemd/logind.conf ili ukiifunika isilale, lakini usiitie kwa begi ikiwa imewaka hivyo, joto litaiua.