Vimondo, asteroidi na kometi: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Mkokotoni. Usiku wa giza tukiwa baharini tunaona vimondo vingi, na Disemba huzidi. Ni nyota zinazoanguka?

Hapana, ndugu yangu, nyota haianguki. Nyota ni jua kama hili letu, ila liko mbali mno. Unachokiona ni chembe ya vumbi au changarawe inayoingia katika hewa ya dunia kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Ikifika kimo cha kilomita mia moja hivi hupata moto, hung'aa na kwisha.

Wingi wa Disemba una sababu yake. Kila mwaka, tarehe 13 na 14 hivi, dunia hukata mkondo wa vumbi lililoachwa na jiwe liitwalo Phaethon. Hilo ni jambo la pekee, maana mikondo mingi ya vimondo hutokana na kometi, yaani nyota zenye mkia. Ile ya Mei, kwa mfano, inayoonekana kabla ya alfajiri, ni vumbi la kometi ya Halley, ambayo yenyewe itarudi mwaka 2061. Disemba tazameni upande wa kaskazini kuanzia saa nne usiku, kabla hamjawasha karabai; saa nane ndipo vinapozidi. Fuatisheni michirizi yake kinyumenyume, mtaona yote inaanzia sehemu moja ya mbingu.

Shikamoo mwalimu. Asteroidi na kometi zina tofauti gani, na zimetoka wapi? (Mwanafunzi, Wete)

Marahaba, mwanangu. Zote ni mabaki. Jua na sayari zake viliundwa kutokana na wingu moja la gesi na vumbi, miaka bilioni 4.6 iliyopita, na kama ilivyo fundi akimaliza nyumba, mawe na chokaa vilibaki uwanjani.

Tofauti inatokana na mahali yalipoundwa mabaki hayo. Karibu na Jua palikuwa na joto, barafu haikuweza kuganda, yakabaki mawe na chuma. Hizo ndizo asteroidi, na nyingi zimo kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Zamani watu walidhani ni vipande vya sayari iliyopasuka. Sivyo: mvuto wa Mshtarii uliyavuruga mawe hayo yasiweze kuungana. Ukiyakusanya yote leo, hayafiki hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi. Kubwa kuliko zote, Ceres, ina upana wa kilomita 940 hivi. Aliigundua Giuseppe Piazzi huko Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801.

Kometi ziliundwa mbali, penye baridi, kwa hiyo zimejaa barafu. Kuna zinazotoka ng'ambo ya sayari ya Neptuni, katika Ukanda wa Kuiper, na kuna za mbali zaidi, kutoka Wingu la Oort, yaani kundi kubwa la vipande vya barafu linalolizunguka Jua pande zote. Wingu hilo hakuna aliyepata kuliona. Wanafalaki wamelitambua kwa kufuata njia za kometi kurudi zilikotoka. Kometi ikilikaribia Jua, barafu yake hugeuka mvuke na kubeba vumbi, ndio mkia huo. Mkia huelekea upande usio na Jua daima, hata kometi inapoondoka, mkia hutangulia. Mimi sichoki kulifikiria jambo hilo.

Wapo pia wageni kabisa, kutoka kwenye nyota nyingine. Mpaka sasa wametambuliwa watatu: Oumuamua mwaka 2017, Borisov mwaka 2019, na 3I/ATLAS mwaka 2025.

Nimeokota jiwe jeusi shambani, zito, sumaku inanata. Ni kimondo? (Mkulima, Micheweni)

Huenda, lakini usilivunje kwanza. Visiwa vyetu vina mawe mengi ya matumbawe, kwa hiyo jiwe jeusi lazima likushtue. Ila wahunzi wameacha mavi ya chuma, na majahazi yameshusha farumi, yaani mawe ya kutia uzito chomboni, kutoka nchi nyingi. Litazame kwa karibu. Likiwa na vitundu vya mapovu, mara nyingi ni mavi ya chuma. Kisha likwaruze chini ya kikombe cha kaure, kwenye lile duara lisilong'aa. Likiacha mstari mweusi au mwekundu, ni la hapa hapa duniani. Kimondo kwa kawaida huwa na gamba jembamba jeusi la kuungua. Kimondo chetu kikubwa kiko Mbozi, mkoani Songwe: chuma na nikeli, tani 16 hivi.

Watoto wametumiana kwenye simu kuwa 2029 jiwe litaipiga dunia. Kweli? (Mama, Kizimkazi)

Si kweli, bibi. Jiwe lenyewe lipo, linaitwa Apophis, upana wake mita 340 hivi, lakini vipimo vya rada vya mwaka 2021 vimeonyesha kuwa halitatupiga kwa miaka mia moja ijayo, angalau. Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita 32,000 hivi kutoka usoni mwa dunia, karibu kuliko satelaiti zinazolengwa na madishi ya televisheni, na litaonekana kwa macho matupu kama nyota hafifu inayotembea. Litapita juu ya Bahari ya Hindi, kisha Afrika. Litakuwa karibu kabisa saa sita na robo tatu usiku wa kuamkia Jumamosi, lakini msingoje saa hiyo, maana litakuwa limeshafika juu ya Atlantiki. Waambie watoto watoke nje mapema usiku, na waombe mawingu ya masika yapungue.