Saa za kuruka bila kumaliza akiba

SWALI: Nina leseni ya rubani binafsi na saa 62. Nataka leseni ya biashara, lakini fedha zinakwisha. Nipunguze wapi? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Panga saa zako kabla ya kuzinunua. Kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Humo ziwemo saa 20 ukiwa rubani kiongozi kwenye safari za uwanja hadi uwanja, mojawapo ya kilomita 540, ukitua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Wengi humaliza saa zao wakizungukia uwanja mmoja, kisha hulazimika kulipia safari hizo juu yake.

Kodi ndege ndogo ya Cessna 152: hunywa takriban lita 23 za mafuta kwa saa, ilhali Cessna 172, iliyo kubwa zaidi, hupita 30. Uliza kama bei ina mafuta ndani yake, na ni mita gani inayohesabu. Mita ya Hobbs kwa kawaida huhesabu muda tangu injini iwake, hata ukiwa kwenye foleni ya kuruka pale uwanja wa Wilson. Takometa hufuata mizunguko ya injini, kwa hiyo ardhini huenda polepole. Kwa bei ileile ya saa, kutozwa kwa takometa huokoa fedha.

Usilipie saa 50 kwa mkupuo ili upate punguzo. Ndege ikiingia matengenezo, pesa zako zimekwama.