Nataka kumsemea mtoto mahkamani, mume wangu hataki

SWALI: Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Mie mwalimu mstaafu nipo Wete, Pemba. Hapa mtaani kuna mtoto wa darasa la tatu, wazazi wake wameachana, mama yupo hapa baba yupo Chake Chake, basi kila wiki anatiwa kwenye gari na kimfuko chake cha plastiki, yunifomu moja ipo kwa mama nyengine kwa baba na siku nyengine anakuja skuli na sketi ya jana haijafuliwa. Sasa kwenye simu nimeona Marekani kuna watu wa kawaida tu, si mawakili, wanajitolea kwenda mahkamani kumsemea mtoto. Na huku kwetu inawezekana? Mume wangu anasema ndoa za watu niziache.

JAWABU: Waalaykum salaam mwalimu wangu. Kwanza nikutoe tongotongo kidogo, hao wa Marekani ulowaona walianzia Seattle mwaka 1977, jaji mmoja anaitwa David Soukup alikuwa anaamua kesi za watoto huku habari zenyewe za mtoto hana, akaona atafute watu wa mtaani wamletee. Mtu anasomeshwa masaa kama 30, jaji anamteua, ndo anaanza kuzunguka kwa mtoto, kwa walimu wake, kwa jamaa zake, halafu anaandika ripoti. Lakini kesi zao hasa ni za watoto waliopigwa au waliotelekezwa mpaka serikali ikaingia kati, si hizi za baba na mama kuvutana baada ya talaka. Kwa hiyo huyo mtoto wako hata huko pengine asingepewa mtu.

Huku kwetu Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011, na mahkama ikitaka kujua mtoto anaishi vipi anaetumwa kuchunguza ni afisa wa ustawi wa jamii. Malezi na matunzo ya waloachana mengi yanakwenda kwa kadhi. Mlango wako wewe naona ni usaidizi wa sheria, wale wanaosomeshwa wakakaa kwenye shehia zao wakaelekeza watu, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimewasomesha wengi, na Pemba wapo. Anza kwa sheha, muulize pia mratibu wa wanawake na watoto wa shehia yako.

Sasa mumeo. Hajakosea moja kwa moja, maana wengi wanaingia kumsemea mtoto wakatoka wanamsemea mama, kwa vile mama ndo jirani na ndo anaekuletea chapati. Mie nilimsindikiza mdogo wangu kwenye kesi yake miaka ya nyuma, mtoto akaulizwa mbele ya wote wawili anamtaka nani. Mtoto wa miaka saba! Akawa anaangalia ndara zake tu, kidole gumba anakipandisha anakishusha, na sote pale watu wazima tunamsubiri ajibu. Mie mwenyewe wallahi nilikuwa naomba kimoyomoyo aseme "mama", sikujiuliza hata mara moja usiku analala vipi.

Kwa hiyo ukipata bahati ya kuulizwa, sema ulichokiona kwa macho yako: siku gani alikuja na sketi chafu, siku gani hakuja kabisa, nani alimleta. Mwalimu wewe, rejista unajua kuijaza. Maneno ya "baba yake hana maana" yaache barazani. Na ukianza usimwache njiani, maana huyo mtoto keshazoea kuachwa.

Ila ukiona alama za kipigo, au chochote kinachokutia shaka kwenye mwili wake, hapo usingoje mafunzo wala ruhusa ya mume, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, haina malipo.

Na kwa leo, kabla ya hayo yote, kamuulize mama yake kama yunifomu ya pili haiwezi kukaa kwako.