Kila mwaka matroni, ukuu wa shule lini?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mwaka wa 14 sasa kazini. Nilianza na cheti cha Daraja A, baadaye nikajisomesha shahada Chuo Kikuu Huria. Shuleni kwetu walimu wengi ni wanawake, lakini tangu nifike hatujapata mwalimu mkuu mwanamke. Mwaka jana mkuu wetu alihamishwa. Akakaimishwa kijana ambaye mimi ndiye niliyempokea akiwa mwajiriwa mpya, nikamwelekeza hata kuandaa azimio la kazi. Nilipouliza ngazi ya kata nikaambiwa, "Wewe bado unazaa, mumeo yuko Dodoma, tukikupeleka shule ya mlimani itakuwaje?" Afisa mwingine akanipigia simu usiku, akasema nafasi zipo ila tuonane mjini "tuyamalize". Sikwenda. Mume wangu naye anaona ukuu utavuruga nyumba, na walimu wenzangu wa kike wanasema wakuu wanawake wana gubu. Niendelee kuutaka uongozi au niachane nao? Sipendi nionekane nina uchu wa madaraka.

Mwalimu wa malezi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Utake, tena useme wazi kwamba unautaka. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikumbuki mwanaume aliyeitwa mwenye uchu kwa kuomba nafasi anayoiweza.

Nianze na ile simu ya usiku, maana imenichoma. Ile ni harufu ya rushwa ya ngono, na rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute namba wala meseji zake. Andika tarehe na saa aliyopiga, mweleze mtu mmoja unayemwamini, kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Akipiga tena usimtukane wala usimwahidi kitu. TAKUKURU watakuelekeza la kufanya. Nawajua walimu wazuri walioapa kutoomba uongozi tena kwa sababu ya simu kama hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Sasa nije kwenye saini yako. Umejiita mwalimu wa malezi. Miaka yote hii? Shule nyingi hugawa majukumu kwenye kikao cha kwanza cha mwaka, na mgawanyo ni uleule: wanaume taaluma, fedha na ujenzi, wanawake malezi, umatroni, usafi na chai ya wageni. Malezi ni kazi kubwa. Wewe ndiye unayejua mtoto gani hajala tangu jana na binti gani kakosa pedi. Lakini nafasi ikitokea wakubwa wanauliza: nani anajaza takwimu za shule? Nani ameshika hesabu kwenye FFARS, ule mfumo wa kompyuta wa fedha za shule? Nani ameandaa mitihani ya darasa la nne na la saba? Nani amesimamia ujenzi? Jina lako halimo kwenye jibu hata moja, na yule kijana uliyempokea yumo kwenye yote.

Kwa hiyo Januari, kabla kikao hakijafungwa, omba taaluma. Ukinyimwa, omba kuingia kamati ya mapokezi ya vifaa, maana siku hizi madarasa yanajengwa kwa force akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi, na mkuu asiyejua saruji ataibiwa mchana kweupe. Mimi nilijifunzia huko. Lori la mchanga lilifika, dereva akaniambia, "Mama, kaa kivulini, wanaume watapima." Nikapanda kwenye tairi, nikachomeka fito katikati na kwenye kona zote nne. Katikati mchanga ulikuwa umerundikwa kama kichuguu, kwenye kona fito ikagonga bodi mapema. Sikusaini mpaka tulipolipia ule uliokuwemo. Baada ya hapo kamati ya shule haikupokea mzigo bila kuniulizia.

La uzazi lisikunyamazishe. Likizo ya uzazi ni siku 84, na mwalimu mkuu msaidizi yupo kwa ajili ya nyakati kama hizo. Wakuu wanaume huugua, husafiri, huenda kozi za uongozi ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, kule Bagamoyo, na shule haifungwi. Kozi hizo nawe uziombe. ADEM wapo pia Mwanza na Mbeya.

La mlimani lina ukweli wake. Mama mwenye mtoto mchanga akipangiwa shule isiyo na nyumba ya mwalimu, akasema hawezi, kinachobaki kwenye faili ni kwamba amekataa uteuzi. Wewe wahi kusema. Taja shule mbili tatu za halmashauri yenu unazoweza kuziongoza na sababu zake: nyumba ipo, zahanati ipo karibu, usafiri upo.

Mumeo usimpelekee hotuba ya haki sawa. Kaeni mpige hesabu. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyoanza kulipwa 2016, ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwambie na upande wa pili: vikao vya kata, safari za halmashauri, wazazi wanaobisha hodi jioni. Nani atabaki na mtoto siku hizo? Mkikubaliana hapo, mengine yanazungumzika.

Na hao wa gubu, wakumbushe kwamba Margaret Sitta aliongoza Chama cha Walimu kabla ya kuwa waziri wa elimu mwaka 2006.

Barua yako mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, kupitia kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata. Ambatanisha nakala za vyeti na orodha ya majukumu uliyoshika. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukifuatilia bila muhuri utaambiwa hukuwahi kuomba.