Kabla hujatoa hela ya jezi yenye saini ya staa, soma hapa kwanza

Juzi dogo mmoja wa Njiro kanitumia picha ya jezi ya Houston Rockets, timu ya NBA, namba 34 ya Hakeem Olajuwon, saini kubwa kifuani. Kaandika: "Bro we ni mtu wa kikapu, kuna jamaa anauza hii laki tatu na nusu, anasema Hakeem aliisaini 1986 walipofika fainali, nichukue?" Nimemjibu mpaka chai ikapoa, nikaona bora niwawekee na nyie, maana najua humu kila mtu anataka kitu cha staa ukutani, na asiyetaka ukutani anataka kukigeuza dola.

Jibu fupi: usichukue. Jezi yenyewe ni ile ya bluu iliyoiva yenye mistari membamba na lile roketi lenye meno. Hiyo Rockets wameanza kuivaa msimu wa 1995-96, baada ya ubingwa wa pili. Sasa mtu aliisainije 1986? Halafu saini inaanza na H. Enzi hizo Olajuwon alikuwa anaandika Akeem, hiyo H kaiongeza 1991. Kwa hiyo hata wakuletee jezi ya zamani kweli, ukiambiwa kaisaini miaka ya themanini na unaona H pale mbele, ujue kuna anayedanganya, na jezi haina mdomo.

Sasa ya kwangu, maana ndo mnaniulizaga.

Naongoza wageni Kilimanjaro, wengi mnajua. Msimu mmoja nikapanda kwa njia ya Machame na mzee wa Houston, kimya kweli, mpaka tulipofika kambi ya Shira jioni tunakula bisi na chai kwenye hema la chakula, nikaona kofia yake ya sufu ina nembo ya Rockets, nikamtajia tu Hakeem. Mzee akaweka kikombe chini. Kumbe alikuwepo uwanjani The Summit 1994, mechi ya sita ya fainali, Rockets wanaongoza kwa pointi mbili, sekunde zinaisha, John Starks wa Knicks karusha pointi tatu ya ubingwa na Hakeem kaigusa kwa ncha za vidole, 86-84, wakaenda mechi ya saba wakabeba. Alivyojua nimecheza namba tano (senta, kama Hakeem) Moshi akanisimamisha nimwonyeshe ile Dream Shake, chenga ya Hakeem ya kuyumbisha mabega. Na viatu vya mlima miguuni! Bega huku, bega kule, mpishi anaingia na supu ananikuta nacheza peke yangu katikati ya hema, hakuniuliza kitu mpaka tunashuka.

Msimu uliofuata wakaja wageni wengine wa Houston na bahasha yangu. Ndani picha ya Hakeem yuko hewani, saini ya makapeni ya fedha, na barua ya mzee inayosema ilisainiwa wapi na tarehe ngapi, na picha nyingine ndogo, Hakeem amekaa mezani kalamu iko juu ya picha hiyo hiyo na mzee pembeni anacheka. Hiyo picha ndogo ndo mali. Ile kubwa bila hiyo ndogo ni wino tu.

Bosi wangu wa wakati huo, kampuni siitaji, akasema kila kinacholetwa na mgeni kinapita ofisini, eti hiyo nayo ni tipu. Tipu gani tena, wakati tipu iligawiwa Mweka, geti la kushukia, na kila mpagazi akasaini yake? Alitaka aitundike ofisini wageni waione. Nikakataa. Msimu uliofuata jina langu halikuwepo kwenye ratiba. Inaniuma mpaka leo, sifichi, lakini picha iko kwangu na yeye ana ukuta mtupu.

Haya, ushauri. Kwanza ushahidi. Nani alimwona anasaini, wapi, lini, kuna picha? Miaka ya tisini FBI waliendesha operesheni inaitwa Bullpen, wakakamata watu kibao wanaofoji saini za wanamichezo, na hapo ni Marekani kwenyewe, sembuse dalali wa Insta hapa Arusha. Wenzetu wana wakaguzi kama PSA, JSA na Beckett. Yangu alinibebea mgeni mpaka kule, ikarudi na stika yenye namba ambayo mtu yeyote anaitafuta mtandaoni. Karatasi ya "original" iliyochapwa na muuzaji mwenyewe siyo ushahidi, ni karatasi.

Pili, usilamineti! Sisi tunalamineti kila kitu, vyeti, ramani, picha za harusi. Dada wa stesheneri alishaiweka picha yangu kwenye plastiki mashine imewaka, nikambloku kama Hakeem alivyomzuia Starks. Joto na gundi vikipita hapo thamani imekwisha. Na usiitundike mkabala na dirisha, jua linakula wino.

Tatu, ushahidi. Ndio, narudia.

Na chagua mchezaji aliyestaafu. Dogo wa leo akiumia goti kesho saini yake inabaki kumbukumbu ya nyumbani. Hakeem kaacha 2002 akiwa Toronto, bloku zake 3,830 hakuna aliyezifikia NBA mpaka leo, na MVP (mchezaji bora wa ligi), mchezaji bora wa ulinzi na MVP wa fainali katika msimu mmoja kachukua yeye peke yake. Hawezi tena kuviharibu. Ila yuko hai na bado anasaini, kwa hiyo msijidanganye kwamba picha moja itakununulia kiwanja Usa River. Vijana mnapenda sana hela ya haraka, ndo maana mnapigwa, mtu hajawahi kuangalia hata mechi moja ya huyo staa anataka auze saini yake. Penda mchezo kwanza bwana.

Mlioko inboksi mnaniuliza kama nauza: hapana. Nanunua. Mwenye kitu cha Dikembe Mutombo, yule senta wa Kongo, namba 55, anitafute. Alifariki Septemba 2024, hatasaini tena, najua bei itakuwa ya juu na niko tayari kuongea. Ila njoo na picha ya siku aliyosaini, usije na stori.