Daftari la waliojiandikisha, si la waliohitimu

Usiende Kibuye wala Kondele, hapo Kisumu, na dodoso hilo la kupima kama kozi inaongeza mapato. Umesema utawatafuta waliohitimu kozi ya uchomeleaji kwenye vibanda vyao vya jua kali, uwalinganishe na vijana wa mtaani wasioisomea, na kwamba msimamizi wako amekuhakikishia watu 300 wanatosha. Hawatoshi, hata wakiwa 3,000.

Unayemkuta kibandani tayari ana kazi. Aliyekosa kazi amerudi kwao Siaya au Vihiga, aliyefanikiwa zaidi huenda yuko Nairobi, na aliyeacha kozi wiki ya pili hana cheti. Wote ni matokeo ya kozi, na wote umewaacha nje.

Piga hesabu. Tuseme walijiandikisha 100. Umewapata 60, wastani wao shilingi 15,000 kwa mwezi, na vijana wa kulinganisha wanapata 11,000. Utaandika kwamba kozi inaongeza 4,000. Ikiwa wale 40 usiowaona wanapata 3,000, wastani wa wote 100 ni 10,200: wako chini ya wenzao kwa 800. Jibu limegeuka kichwa chini, na programu ya takwimu haikukuonya. Sampuli kubwa hupunguza kuyumba kwa namba, haiondoi upendeleo uliomo ndani yake. Inaniudhi sana mtu anayelipwa kufundisha utafiti anapomwambia mwanafunzi "chukua waliopo", kisha ripoti hiyo inaamua vijana wasomee nini.

Kanuni ni hii: orodha hufungwa siku ya kujiandikisha, na hakuna jina linalofutwa.

Busia hapo jirani jambo hili limefanyika. Watoto wa shule 75 za msingi zilizokuwa kwenye mradi wa dawa za minyoo ulioanza 1998 walitafutwa tena ukubwani ili kupima kazi na mapato yao. Waliohama walifuatwa Nairobi, Mombasa, hata Uganda. Waliobaki bila kupatikana, takriban robo yao walichaguliwa kwa bahati nasibu na nguvu zote zikaelekezwa kwao. Nawe fanya hivyo: ukibakiwa na 40, chagua 10 kwa kura, wasake hadi mwisho, kisha kila mmoja umpe uzito wa 4. Kuwapigia simu wote 40 mara mbili na kukata tamaa hakufai.

Kwa kila jina andika namba mbili za simu, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la utani, shule ya msingi, na watu watatu wanaomjua, mmoja wao awe wa kijijini. Laini za simu hubadilishwa. Shangazi wa kijijini habadilishwi.

Kufuta watu hutokea mezani pia. Ukigeuza mapato kuwa logi (logarithimu), kama wachambuzi wengi wafanyavyo, wenye shilingi 0 wanatoweka kimyakimya, kwa kuwa sifuri haina logi. Hao ndio wasio na kazi! Wachumi Card na Krueger, walipopima athari ya kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara New Jersey, Marekani, mwaka 1992, mgahawa uliofungwa kabisa waliuhesabu kuwa na wafanyakazi 0. Hawakuuondoa.

Ukiwapata asilimia 90 ya waliosoma na 75 tu ya wasiosoma, toa moja ya sita ya waliosoma uliowapata, wale wa mapato ya juu kabisa, ili nao wabaki 75, kisha ukokotoe tofauti ya makundi mawili. Rudia ukitoa wale wa mapato ya chini kabisa. Andika majibu yote mawili. Moja likiwa juu ya sifuri na jingine chini yake, sema hivyo wazi.

Na hao vijana wa mtaani waache. Watu huingia kozini mapato yao yakiwa yameporomoka. Mchumi Ashenfelter alilionyesha hilo Marekani mwaka 1978. Sehemu ya mapato hayo ingerudi hata bila kozi. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha dodoso, nenda chuoni uombe daftari la waliojiandikisha, pamoja na majina ya walioomba wakakosa nafasi, na uulize nafasi ziligawanywaje. Kama ni kwa kura, hao waliokosa ndio kundi lako la kulinganisha.