Rivolva kuukuu ya bei nafuu: uliza risasi kwanza

*Safu ya Muulize Fundi wa Silaha. Wasomaji wanauliza, fundi mstaafu wa ghala la silaha, mkazi wa Kisumu, anajibu.*

SWALI: Mzee, salamu kutoka Njoro. Mimi ni mkulima na mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Nina cheti cha silaha, na sasa naomba kibali cha kuongeza rivolva. Muuzaji mwenye leseni amenionyesha tatu kuukuu, zote za bei ya chini sana kuliko bastola mpya: Webley ya .455, Nagant ya Urusi na Enfield ya .38. Sitaki mashindano. Nataka kujiburudisha Jumamosi kwa kupiga karatasi, na pengine mikebe hapa shambani. Ipi inafaa pesa yangu? – Msomaji, Njoro

JIBU: Ndugu yangu, umenitajia bei ya chuma tu. Mwambie muuzaji akuonyeshe risasi za hiyo rivolva, akuambie anazipata wapi na kwa bei gani, halafu ndipo mzungumze juu ya silaha yenyewe. Chuma unakinunua mara moja. Risasi utazinunua maisha yako yote, na cheti chako kinataja aina unayoruhusiwa kuwa nayo, kwa hiyo huwezi kubadilisha mawazo baadaye kirahisi. Nimeona rivolva nzuri mno zikilala kabatini mwaka baada ya mwaka kwa kukosa chakula chake.

Nianze na Webley. Kama ni ile Mark VI iliyoingia jeshini mwaka 1915, ni kazi ya mafundi wa kweli. Ina uzito wa kilo 1 na zaidi, inafunguka katikati kwa komeo la kidole gumba, na maganda yote sita yanaruka nje kwa pamoja. Maofisa wa Kiingereza waliomfukuza jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck huku Afrika Mashariki, Vita vya Kwanza vya Dunia, walibeba Webley. Kichwa cha risasi yake ni kizito, gramu 17 hivi, lakini kinakwenda polepole, kwa hiyo mkono haurushwi sana. Kufyatua nayo ni raha. Tatizo ni kwamba risasi za .455 ni adimu na ghali hata huko Uingereza zilikotoka. Halafu kagua sehemu ya nyuma ya silinda yake, yaani gurudumu linaloshika risasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyingi zilichongwa hapo ili zikubali risasi za .45 za bastola za Marekani. Risasi hiyo ina msukumo mkali kuliko ule ambao Webley iliundiwa. Ukikuta imechongwa, irudishe mezani na umshukuru muuzaji. Mimi siifyatui, na sitasimama karibu na anayeifyatua.

Nagant ya mwaka 1895 ilibuniwa na Mbelgiji Léon Nagant, ikatengenezwa kwa wingi kiwandani Tula. Inabeba risasi saba badala ya sita, na ukiikoki, yaani ukivuta nyundo yake nyuma, silinda husonga mbele ikaziba pengo lililo kati yake na mtutu ili gesi isivuje. Huko Marekani, miaka ya 2000, ziliuzwa chini ya dola 100, na ndiyo sababu wengi wanaisifu kama rivolva ya bei poa. Ni ngumu, haivunjiki ovyo. Lakini kuivuta bila kuikoki kwanza ni kama kuvuta ndoo iliyojaa kutoka kisimani kwa kidole kimoja. Unaijaza risasi moja moja, unatoa maganda moja moja kwa kijiti, na risasi yake haifanani na nyingine yoyote dukani. Isitoshe, risasi za zamani za Kisovieti huacha chumvi inayokula chuma. Ukizitumia, siku hiyohiyo safisha mtutu na silinda kwa maji ya moto, kausha vizuri, kisha paka mafuta. Ukingoja mpaka Jumatatu utakuta kutu.

Inabaki Enfield, na hapo ndipo ningeweka pesa, kwa masharti. Jeshi la Uingereza liliipokea mwanzoni mwa miaka ya 1930. Inakula risasi fupi ya .38, ambayo Wamarekani huiita .38 S&W (kwa jina la kiwanda chao cha Smith & Wesson) na bado wanaitengeneza. Inapiga taratibu na mshindo wake ni mdogo. Mtu anayejifunza hajengi tabia ya kufumba macho. Tazama nyundo yake. Kuanzia 1938 walitoa toleo lisilo na kishikio juu ya nyundo, na nyingi za awali zikabadilishwa zifanane nalo. Hiyo huwezi kuikoki kwa kidole gumba, kwa hiyo kila risasi ni mvuto mrefu. Kwa burudani ya Jumamosi tafuta yenye kishikio. Ujue pia kwamba vilengeo vyake vilipangiwa kichwa kizito cha gramu 13, na risasi za siku hizi ni nyepesi zaidi. Ikikupigia chini kidogo ya shabaha, si kosa lako.

Sasa ukaguzi. Fanya mbele ya muuzaji, baada ya kufungua silinda na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote ni matupu. Ikoki polepole huku ukiigusa silinda kwa kidole kuizuia kidogo. Silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Jaribu matundu yote sita (saba kwa Nagant), kwa sababu mara nyingi matano huwa sawa na moja ndilo bovu. Ikiwa haijifungi, tundu halitanyooka na mtutu, na risasi itakwaruza ukingo na kutema vipande vya risasi pembeni, kwenye uso wa aliye karibu nawe. Halafu, ikiwa imekokiwa, sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya wastani. Ikidondoka, hiyo ni hatari tupu. Ishike bawaba na komeo, utikise. Enfield na Webley zikilegea hapo, fundi wa kuzirudisha sawa ni shida kumpata. Pengo kati ya silinda na mtutu likizidi robo milimita, nalo ni dalili ya uchovu. Mwisho mulika ndani ya mtutu. Weusi kidogo haudhuru, lakini mashimo ya kutu yanayokula mifereji ya ndani inayozungusha risasi yatakunyima shabaha. Huku Kisumu joto na unyevu wa ziwa huharibu mitutu haraka, hasa silaha ikihifadhiwa ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hunywa maji na kuyashikilia.

Ukishindwa kuhakikishiwa risasi za Enfield, usinunue hata moja kati ya hizo tatu. Ngojea Smith & Wesson Model 10 iliyotumika, au hata Taurus ya Brazili, yenye kula .38 Special, risasi ndefu kuliko ile ya Enfield. Utalipa zaidi mwanzoni, na utapiga zaidi. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Kuhusu mikebe shambani, hapana, ndugu yangu. Risasi ya rivolva ikikosa mkebe inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji inaruka kwa pembe usiyoitarajia. Njoro ina watoto njiani na watu kwenye mashamba ya ngano. Piga kwenye uwanja wa klabu wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Mikebe ipangwe huko, msimamizi akikubali.

SWALI: Mzee, nina Smith & Wesson ya wakati wa vita, ina herufi V kabla ya nambari. Nikipiga .38 Special maganda yanatoka yamevimba, mengine yamepasuka. Muuzaji anasema ni risasi mbovu. – Msomaji, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Risasi zako hazina kosa. Acha kuifyatua mpaka uisome. Zaidi ya nusu milioni za aina hiyo zilipelekwa Uingereza na nchi za himaya yake, na hizo zilitobolewa kwa risasi fupi ya .38 S&W. Baada ya vita, wafanyabiashara walizichimba matundu yawe marefu ili ziingie .38 Special. Ila ganda la risasi fupi ni nene zaidi: milimita 9.8, na la Special ni 9.6. Urefu waliurekebisha, upana haukurudi. Ganda linakaa kwenye tundu pana kuliko mwili wake, linavimba, linapasuka, na gesi inavuja nyuma kuelekea kwako. Mtutu nao ni mpana kidogo kuliko kichwa cha Special, kwa hiyo shabaha itatawanyika hata ukiwa na mkono thabiti.

Soma upande wa mtutu kama kuna maandishi ya .38 S&W, kisha mpelekee fundi mwenye leseni apime matundu. Kuna jambo jingine la kumwuliza. Mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa rivolva ya aina hii ilipoanguka na kujifyatua, na kiwanda kikaharakisha kuweka kizuizi kipya cha nyundo. Za baada ya hapo zina S pamoja na V. Kama yako ni V peke yake, tundu lililo chini ya nyundo libaki tupu kila unapoibeba.

SWALI: Mzee, babu yetu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Amefariki, na ndani ya sanduku lake la bati tumekuta rivolva imefungwa kwa kitambaa, na risasi kadhaa. Mjomba anasema ni mali ya kale na inaweza kutuletea pesa. Tufanyeje? – Binti wa Kakamega

JIBU: Pole sana kwa msiba, binti yangu. Mjomba asijaribu kuiuza, na asiitoe nje kumwonyesha mtu. Cheti cha silaha hakirithiwi, na bila cheti hiyo rivolva haina bei yoyote halali nchini, hata ingekuwa imeng'arishwa kama mpya. Kinachobaki ni kesi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Risasi za zamani hivyo pia haziaminiki.

Msiifungue, msijaribu kutoa risasi, na msiipandishe matatu kuipeleka kituoni. Lifungeni sanduku, watoto wakae mbali. Wawili wenu nendeni kituo cha polisi mikono mitupu, mmweleze OCS, yaani mkuu wa kituo, mlichokikuta na siku mliyokikuta, mwombe askari aje kuichukua nyumbani. Medali za babu, picha na kitabu chake cha jeshi ni vyenu, viwekeni pakavu. Na msiachane na askari kabla ya kupata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa maandishi.